Mwacheni Aseme Mwenyewe

Ukitaka kujua jamii inamhesabu nani kuwa mtu, usisikilize hotuba zake. Tazama macho ya karani yanaelekea wapi. Mama anaingia ofisini pamoja na mwanawe, kijana wa miaka 23 mwenye ulemavu wa akili. Kijana ameota ndevu, amevaa shati lililopigwa pasi, naye ameketi vizuri mbele ya meza. Karani anampita kwa macho, anamwelekea mama na kuuliza: “Anaitwa nani? Ana miaka mingapi? Anasikia kweli?” Kijana anajua jina lake, na masikio yake hayana kasoro. Mama naye, kwa mazoea, anajibu yote matatu kwa pumzi moja, na shughuli inaendelea juu ya kichwa cha mhusika kana kwamba yeye ni gunia la mahindi lililoletwa kupimwa.

Nimelishuhudia jambo hili mjini Kitengela na mjini Kajiado mara nyingi mno, katika zahanati, katika benki na katika ofisi za umma, wala sioni kwamba linapungua. Si letu peke yetu. Kule Uingereza idhaa ya BBC ilikuwa na kipindi cha redio kuhusu watu wenye ulemavu, kilichodumu tangu mwaka wa 1977 hadi 1998, na jina lake lilikuwa swali tu: “Je, anatia sukari?” Ndilo swali ambalo mgeni humuuliza mwenyeji kuhusu mtu aliyeketi papo hapo na kikombe mkononi. Waliobuni jina hilo walijua kwamba dharau kubwa haihitaji tusi. Yatosha kumwuliza mwingine.

Hoja yangu leo ni moja, nami naielekeza hasa kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi walio karibu kutoka shuleni. Utetezi wa watu wenye ulemavu nchini mwetu umepiga hatua, tena hatua za kujivunia. Hata hivyo, kwa wale ambao ulemavu wao ni wa akili, utetezi huo umekomea mdomoni mwa mzazi. Mzazi amejifunza kusema; mwana bado anasemewa. Na anayesemewa siku zote hufika mahali ambapo msemaji wake hayupo, naye hana kitambulisho, hana shahidi, na hana mazoea ya kulitamka neno “sitaki”.

Labda nianze na maneno, kwa kuwa walimu wa Kiswahili hawawezi kuyapita. Mara kwa mara nasikia ikidaiwa kwamba lugha yetu yenyewe iliwadharau watu hawa kwa kuwatia katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kichaa. Hoja hii ina mvuto, lakini haisimami imara. Kiongozi naye ana ki- hiyo hiyo, na kijana, na kinyozi, na hapana anayelalamika. Isitoshe, sarufi sanifu husema kipofu anakwenda, wala si kinakwenda; katika kitenzi lugha imemkubali kuwa mtu. Tatizo haliko katika kiambishi bali katika namna jina linavyommeza mwenye nalo, hata ukisema kiziwi hutarajii tena kuambiwa kwamba ni fundi seremala, au baba wa watoto watatu. Ndiyo sababu ninapendelea “mtu mwenye ulemavu”, ingawa ni refu. Tena naomba tutenganishe mambo mawili ambayo makarani wetu huyachanganya kila siku: ulemavu wa akili, ambao mtu huzaliwa nao au huupata utotoni na ambao humfanya ajifunze polepole, na maradhi ya akili, ambayo yaweza kumpata mtu yeyote na aghalabu hutibika. Yule kijana wa miaka 23 si mgonjwa. Hasubiri kupona.

Kujisemea hakukuanza jana. Muungano wa wasioona nchini Kenya uliundwa mwaka wa 1959, bendera ya mkoloni ingali inapepea, na kufikia mwaka wa 1964 wanachama wake walikuwa wameingia barabarani kudai serikali mpya iwasikilize. Hawakutuma wazazi. Hawakumtuma mmishonari. Matokeo yake yalikuwa kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa kuhusu malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu, kisha Waraka wa Bunge nambari 5 wa mwaka wa 1968. Haya ni mambo ambayo mwanafunzi wa historia hayakuti kwa urahisi katika vitabu vyake, na ni hasara. Baadaye kilikuja chama cha muungano wa watu wenye ulemavu mnamo 1989, kikaja Kikosi Maalumu cha kuchunguza sheria mnamo 1993, ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, na Katiba ya 2010 ambayo kifungu chake cha 54 kinataja heshima kabla ya kutaja jambo jingine lolote. Sheria ya 2003 nayo ikapata mrithi mwezi wa Mei 2025, kutokana na mswada uliofikishwa Bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe haoni. Tazama mwendo huo wote: wasioona, wasiosikia, wenye ulemavu wa viungo, wenye ualbino, kila kundi lilipata wasemaji kutoka miongoni mwake. Mmaasai mwenye kutembelea magongo, David ole Sankok wa Narok, aliongoza Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha akaketi Bungeni tangu 2017 hadi 2022 kama mbunge mteule wa kuwakilisha kundi hilo.

Kundi la ulemavu wa akili halikupata bahati hiyo. Chama chao, kijulikanacho kwa kifupi kama KAIH, kilianzishwa mwaka wa 1996, na walioanza kukipigania walikuwa wazazi. Siwalaumu, bila wao hapangekuwa na chochote. Lakini miaka 22 kabla ya hapo, katika mji wa Salem, jimbo la Oregon huko Marekani, watu wenye ulemavu wa akili waliotoka katika taasisi walikofungiwa walikuwa wameketi wenyewe kupanga mkutano wao. Mmoja wao akasema amechoka kuitwa kwa jina la ulemavu wake, anataka ajulikane kwanza kuwa mtu. Kutokana na neno hilo vuguvugu lao lilipata jina, likaenea duniani. Waliolianzisha ni watu ambao madaktari walikuwa wameandika kwamba hawawezi kufikiri.

Sasa tuje nyumbani.

Kitengela si mji wa kale. Wazee wa hapo wanaikumbuka ikiwa malisho, nyumbu na pundamilia wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Ranchi ya pamoja iligawanywa katika miaka ya 1980, mashamba yakawa ploti, na sheria ya mwaka wa 1990 iliyoanzisha maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo ikaleta Athi River viwanda vya nguo vilivyohitaji mikono ya wanawake kwa maelfu. Hesabu ya watu ya 2019 iliukuta mji huu una zaidi ya wakazi 150,000. Karibu kila mtu ni mgeni. Mama aliyetoka Kisii, Machakos au Vihiga akiwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana nyanya wa kumwachia, hana shemeji, wala hana jirani aliyemjua mtoto huyo tangu kuzaliwa kwake. Ana chumba kimoja katika ghorofa ya pili isiyo na lifti, na zamu inayoanza alfajiri.

Hapo ndipo kufuli huingia. Sheria ya 2003, katika kifungu chake cha 45, ilikataza mzazi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma, na ikaweka faini isiyozidi shilingi 20,000. Ni sheria njema kwa nia yake. Lakini faini haiji na yaya. Mama anayefunga mlango saa kumi na moja za alfajiri haoni haya juu ya mtoto wake; anaogopa gari, anaogopa moto, na anaogopa mwanamume wa chumba cha nne. Serikali ilianzisha mwaka wa 2011 msaada wa fedha kwa familia zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Msomaji anayejua bei ya nepi za mtu mzima atafanya hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo nilipoanza kuhudhuria mikutano ya wazazi hao Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa kanisa uliokodishwa, nilikuta jambo ambalo hakuna ofisi iliyoweza kulitoa. Mama mmoja anamwambia mwenzake ni siku gani daktari wa viungo yupo. Mwingine anajua shule inayopokea mtoto asiyejua kwenda msalani bila kudai karo ya ziada. Wa tatu anaonyesha barua aliyoandikiwa na hospitali ili aweze kusajiliwa na Baraza. Wengi wao wameachwa na waume zao, kwa madai kwamba kasoro imetoka “upande wa mama”. Hapo ukumbini hawahitaji kueleza lolote. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na hawa wote walikuwa wamelala humo.

Lakini wana wao walikuwa wapi? Walikuwa chumba cha nyuma, na uji, na mlango umerudishwa ili wasisumbue. Wengine walikuwa na miaka 19, 24, hata 30. Mkutano uliwahusu wao, na ajenda ilikuwa wao.

Baada ya miezi kadhaa mwenyekiti wa kikundi, mama mkimya kuliko wote, alipendekeza mlango ufunguliwe na vijana wapewe dakika kumi za mwanzo. Wapo waliopinga. Baba mmoja, kati ya wachache waliokuwapo, alisema kwa upole kwamba wangefedheheshwa bure. Hata hivyo ilikubaliwa. Siku ya kwanza hakusema mtu. Siku ya pili msichana wa miaka 19, ambaye maneno yake hutoka kwa taabu na humpasa msikilizaji kusubiri, alisema: “Sitaki kuogeshwa mlango ukiwa wazi.”

Ukumbi ulinyamaza. Kwa mwaka mzima wazazi hao walikuwa wameandika orodha za mahitaji: viti vya magurudumu, karo, mashine za kusaidia kusikia, mtaalamu wa matamshi. Orodha zilikuwa za kweli na za haki. Hakuna hata moja iliyotaja mlango wa bafu. Isingeweza kuutaja, maana aliyeujua ni yule aliyekuwa ndani yake, na hakuwahi kuulizwa. Mama yake hakujitetea. Aliuliza tu ni nani huuacha wazi, na akajibiwa.

Siku hiyo hiyo kijana mwingine alisema anataka pesa. Huchota maji katika hoteli moja asubuhi hadi adhuhuri, mitungi ishirini na zaidi, na ujira wake ni chai na chapati mbili. Kila mtu mtaani aliamini kwamba mwenye hoteli anamfanyia hisani kwa kumpa la kufanya. Yeye alikuwa amehesabu mitungi. Watu wenye ulemavu wa akili, nasisitiza, si wasiojua. Wengi wanajua polepole, na wanajua kwa hakika.

Hili ndilo liitwalo kujitetea. Halihitaji ufasaha, wala halimaanishi kumwondoa mzazi. Mtu hupewa nafasi ya kuchagua mambo madogo tangu utotoni, shati hili au lile, ugali au wali, hata chaguo likawa mazoea. Hufundishwa sehemu za mwili wake kwa majina yake halisi, na neno la kukataa. Huwekewa msaidizi ambaye kazi yake ni kufafanua swali kwa maneno mepesi, kwa picha ikibidi, kisha kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Nimeona wasaidizi waliosomea kazi hiyo wakishindwa kustahimili sekunde kumi za kimya, wakajaza jibu wenyewe.

Safari ya kutoka Kitengela kwenda Kajiado kwa barabara ya Namanga ni fupi, lakini mwendo wa fikira ni mrefu. Unapita Isinya, nyumba zinapungua, na ukiacha lami kuelekea maboma unaingia katika jamii ambayo, kwa mujibu wa watu waliowahi kuichunguza, haikuwa na desturi ya kuficha. Mwanaanthropolojia wa Norway, Aud Talle, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado, aliandika insha iliyochapishwa mwaka wa 1995 ambayo kichwa chake chaweza kufasiriwa “Mtoto ni Mtoto”. Alieleza kwamba mtoto mwenye ulemavu hulelewa pamoja na wenziwe, hula nao, hutumwa nao, na akikua huoa au huolewa. Hata jina la jumla la kuwakusanya watu hawa wote kuwa kundi moja halikuwapo.

Mtu wa mjini anaposikia hayo hupenda kuhitimisha kwamba maboma ni pepo na Kitengela ni jehanamu. Siafiki. Katika boma hakuna kufuli, ni kweli, lakini hakuna barabara pia, na mtoto anayehitaji kunyooshwa miguu hukaa siku nzima ya safari mbali na anayejua kumnyoosha. Kituo cha watoto wenye ulemavu cha kanisa la AIC mjini Kajiado kimepokea watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na hospitali ya Kijabe iliyofunguliwa mwaka wa 1998 kwa ajili ya upasuaji wa viungo vya watoto imewasimamisha wengi. Fauka ya hayo, kukubaliwa si sawa na kusikilizwa. Nilikaa kivulini na wazee mahali fulani kusini ya mji wa Kajiado, wakaja ndugu wawili kutusalimu. Mdogo alipewa mkono. Mkubwa, mtu wa miaka ya thelathini anayezungumza kwa maneno machache, aliinamisha kichwa akaguswa utosini kama wanavyosalimiwa watoto, naye akaenda zake kuchunga. Hapana aliyemdharau. Wanampenda, wanamlisha, na mbuzi wake wanajulikana. Ila ni mtoto, na atazeeka akiwa mtoto.

Na sasa kuna jambo ambalo halikuwapo Talle alipofanya utafiti wake. Ardhi ya pamoja inaendelea kugawanywa na kuuzwa vipande vipande. Zamani riziki ya mtu wa namna hii ilikuwa katika kundi la mifugo na katika boma, na haikuwa rahisi kwa mmoja kuiuza peke yake. Leo riziki hiyo ni hati yenye jina. Baba anapofariki, mirathi inafunguliwa, na kila mrithi aliye mtu mzima anatakiwa kuonyesha kitambulisho. Yule aliyesalimiwa utosini hana. Hakuna aliyeona haja ya kumpeleka akachukuliwe alama za vidole, kwa kuwa angekitumia wapi? Ndugu zake wanatia sahihi. Pengine ni waaminifu, wanamhifadhia sehemu yake. Pengine mnunuzi amekwisha kuja na gari.

Narudia kitambulisho kwa sababu ndipo mambo yote yanapokutana. Bila hicho mtu hasajiliwi kupiga kura, hafungui akaunti wala haandikishi laini ya simu kwa jina lake. Msaada wa serikali utalipwa kwa mkono wa mwingine. Katiba, katika kifungu cha 83, yasema mpiga kura asiwe ametangazwa kuwa si timamu wa akili. Neno la kushika ni “ametangazwa”. Hatangazwi na karani wa foleni, wala na jirani, wala na mwalimu mkuu. Mtu ambaye hajatangazwa hivyo kisheria ana haki ya kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi wa 2027, na siku ya kura anaweza kusaidiwa na mtu amchaguaye mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unakwenda mbali zaidi katika ibara ya 12: kila mtu ana uwezo mbele ya sheria, na anayehitaji msaada ili kuutumia uwezo huo apewe msaada, asinyang'anywe uwezo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa maelezo marefu juu ya ibara hiyo mwaka wa 2013. Ningependa kila mwalimu wa somo la uraia ayasome.

Na mahakamani je? Tuseme lile linaloogopwa chumba cha nne limetokea. Kwa miaka mingi kesi za namna hii zilikufa kituoni, kwa kuwa askari aliamini msichana wa aina hiyo hawezi kutoa ushahidi. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na mkoloni iliwataja kwa majina ambayo sitayafasiri hapa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 ilibadili mambo: kifungu cha 31 kinamruhusu hakimu kumtambua kuwa shahidi anayehitaji kulindwa, na kumruhusu atoe ushahidi kupitia mtu wa kati anayemwelewa. Sheria ipo. Lakini mtu wa kati hupitisha maneno tu, wala hayatungi. Msichana ambaye kwa miaka 19 hakuwahi kuulizwa lolote, hajui jina la sehemu alikoguswa, na amefunzwa kwamba mtoto mwema hutii kila mkubwa, ataanzia wapi?

Ndiyo maana nasema shughuli hii ni ya shule kabla ya kuwa ya mahakama. Walimu tunajua hali ilivyo. Katika shule nyingi kitengo maalumu kimejengwa pembeni, karibu na jiko au vyoo, na mwalimu wake mmoja ana watoto wa umri wa miaka 6 hadi 20. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, kati ya 2016 na 2018 ulikadiria kuwa watoto na vijana wenye ulemavu ni asilimia 11.4 ya rika lao, ilhali hesabu ya watu ya 2019 iliwapata watu wa umri wa miaka 5 na zaidi wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 tu nchini kote. Tofauti hiyo inatokana na maswali yaliyoulizwa na njia za upimaji, kweli. Lakini katika hesabu ya watu anayejibu ni mkuu wa nyumba. Tunarudi pale pale kwa karani na macho yake.

Sera ya mwaka wa 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inataka wasome pamoja na wengine kadiri iwezekanavyo, na mtaala wa umilisi unataja mawasiliano na hali ya kujiamini miongoni mwa mambo ya msingi. Mambo hayo yanapimwa kwa nani? Kila muhula kunafanyika kikao cha kupanga masomo ya mtoto mmoja mmoja mwenye mahitaji maalumu. Wanahudhuria mwalimu, mzazi, pengine afisa wa kituo cha upimaji. Mtoto anachezeshwa nje. Aketi humo ndani, hata kama atasema jambo moja tu, kwamba hapendi dawati lililo karibu na dirisha. Aandikwe jambo hilo katika kumbukumbu za kikao kwa jina lake, kama wanavyoandikwa wengine.

Nanyi wanafunzi, mna nafasi ambayo sisi hatuna. Mtoto wa kitengo maalumu anayezomewa uwanjani huwaogopa walimu lakini huwazungumzia wenziwe. Mnapomtetea, mfanye hivyo, ni wajibu; lakini kwanza mwulizeni ametaka nini. Nimeona wavulana wema wakimbeba mwenzao na kiti chake kumpandisha ngazi huku akipiga kelele kwamba hataki kwenda juu.

Serikali za kaunti nazo hazina kisingizio. Katiba inataka mabunge ya kaunti yawe na wajumbe wateule wa makundi yaliyotengwa, wakiwemo watu wenye ulemavu, na kifungu cha 196 kinalazimisha wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti. Mikutano ya bajeti hutangazwa, watu hukaa chini ya hema, fomu hupitishwa. Sijaona fomu iliyoandikwa kwa maneno mepesi wala yenye picha. Wazazi wa kile kikundi cha Kitengela wamekata shauri kuhudhuria mkutano ujao pamoja na vijana wao, na kijana wa mitungi amekwisha kusema atauliza kuhusu kazi. Amefanya mazoezi ya swali lake Jumamosi tatu mfululizo. Ni la maneno saba, na kila mara huyahesabu kwa vidole.

Kwa walimu walio na wanafunzi watakaotimiza miaka 18 mwaka huu, nina ombi dogo. Fungueni rejista ya kitengo maalumu mwone ni wangapi wana cheti cha kuzaliwa. Asiye nacho, aanze safari hiyo sasa, kwa kuwa bila hicho kitambulisho kitakuwa kigumu, na wazazi wengi hawajui. Anayekwenda kwa chifu aende pamoja na mwanafunzi mwenyewe, amefunzwa kutaja jina lake, jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Chifu akimwuliza mzazi, mzazi anyamaze.